Ekseli Iliyoanikiwa Kanga

Juzi nilikwenda Keko kununua kitanda. Kijana muuzaji akakipiga kofi, akasema, "Nne kwa sita hii, mama, hata gari inabeba." Nikacheka hadi akadhani namdharau. Angejuaje kwamba mimi nimewahi kupanda gari lenye upana wa kitanda?

Baba yangu alikuwa seremala hukohuko Keko, miaka ile ya Ujamaa, vipuri vilipokuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipangia foleni. Alichoka kukodi mkokoteni wa kupelekea makabati Ubungo, akaamua kujiundia gari. Injini aliitoa kwenye gari bovu. Bodi akaiunda kwa mninga, ikanukia vanishi mtaa mzima. Kosa lake lilikuwa la kiseremala: aliunda bodi kwanza, futi nne kama kitanda, akijua miguu hutiwa mwisho. Lakini ekseli ya nyuma, chuma kinachoshika magurudumu mawili, si mguu wa kitanda. Za malori zilitokeza huku na huku. Ya gari dogo ilienea, ikakatika alipopakia kabati la kwanza.

Gari likaziba uchochoro wetu. Watu walipita kiubavuubavu na ndoo kichwani, wakinung'unika. Balozi wa nyumba kumi alivumilia, kisha akasema basi: mwezi ukiisha halijaondoka, litapasuliwa kuni. Baba, aliyekuwa akipiga mluzi tangu anashika randa mpaka ananawa kula, akauacha mluzi kabisa. Ukimya ule ulinitia hofu. Niliombea gari lile kuliko nilivyowahi kuombea mtihani. Kila tukila ugali na dagaa wa nazi, alieleza upya anachokitafuta: bomba nene la chuma, fupi, gumu, lenye nundu katikati.

Asubuhi moja wingu likatanda, jirani yetu akaanua kanga zake mbiombio. Alikuwa mjane wa Kinyamwezi, marehemu mumewe fundi wa bandarini. Kamba yake ilifungwa kwenye mlingoti wa chuma alioachiwa na mumewe, ambao siku zote ulifunikwa na nguo. Bibi, mama yake baba, akautazama.

"Mwanangu, hiyo nundu yako si ile pale?"

Baba akapima kwa futi yake, akakaa chini mchangani. Ilikuwa ekseli ya kigari cha kukokotea mizigo bandarini: nyembamba ipite kati ya shehena, imara ivute mzigo wowote. Ila aliona haya kumwomba mjane kumbukumbu ya mumewe. Bibi hakuona haya. Sisi ni Wazaramo, Mnyamwezi ni mtani wetu, na mali ya mtani haiombwi, huchukuliwa tu. Akachukua jembe, akaanza kuchimba.

"Nyie si mlikuja pwani mmebeba mizigo? Leo mie nakubebea wako!"

Jirani akatoka, mikono kiunoni. "Mzaramo wee, mtu wa ngoma tu, leo jembe umelijulia wapi? Chimba taratibu, mume wangu aliijaza grisi hiyo!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Siku gari lilipotoka uchochoroni na makabati yake, jirani alikaa mbele, kwa heshima zote. Bibi aliwekwa nyuma pamoja na mimi, akitaniwa njia nzima. Baba alipiga mluzi hadi Ubungo. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu balozi aseme neno lake.

Miaka mingi baadaye Bibi alifariki. Jeneza lilipotaka kutoka, jirani yule akaketi kizingitini. "Hatoki mtu hapa mpaka nirudishiwe mlingoti wangu!" Waombolezaji wakaangua kicheko katikati ya kilio, na baba pia. Alipoahidiwa mwingine akasogea, kisha akalia kuliko sisi sote.

Wote hao wameondoka. Gari liliishia kuwa chuma chakavu, uchochoro umezibwa kwa ukuta, na sijui kama majirani wa sasa wanajuana hata majina. Nikamtajia yule kijana wa kitanda kabila langu, nikamuuliza lake. Mnyamwezi. Nikachukua futi yake mezani, nikaitia mkobani bila kuomba.

Akanikazia macho, nikajua ataniitia mwizi. Badala yake akanyakua mwavuli wangu, akaukumbatia.

"Bibi yangu aliniambiaga nyie Wazaramo mtakuja tu siku moja."

Nikashusha pumzi tena.