Nilitaka trekta ndogo ya kufyeka kwetu, nikafuta mpaka wa kiwanja cha mama

Wakuu, habari za jioni. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila ku-login, nawasalimu pia.

Kila mara humu anatokea mtu anauliza kama trekta ndogo inafaa kwa kutunza eneo la nyumbani. Majibu huwa ni yale yale: nguvu ya injini, spea, mafuta. Swali ambalo mimi nilipaswa kuulizwa sijaona mtu akiliuliza.

Basi nawaandikia yaliyonikuta. Sijatia chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisangani, Kongo. Kiswahili chetu cha mtaani mtakisikia watu wakianza kuongea, mtuvumilie.

Kwetu ni mbele kidogo ya Simi-Simi, upande wa mtoni. Kiwanja ni karibu hekta mbili: nyumba, michikichi, mihogo, na kisima ambacho baba alikichimba mwenyewe. Baba alikuwa fundi seremala, ameshafariki. Anayeishi pale ni mama peke yake.

Sasa majani ya huku. Ukifyeka Jumatatu, Jumatatu nyingine yanakuuliza ulikuwa wapi.

Tangu niko mdogo, kazi hiyo ilifanywa na ukoo mzima. Mara mbili kwa mwaka mama aliita watu, akapika pondu, yaani kisamvu, na samaki, tukajipanga na mapanga kuanzia kisimani.

Lakini kabla ya panga la kwanza kugusa majani, ilikuwa lazima tutembee mpaka.

Ngoja nieleze hapa, maana ndiyo roho ya uzi huu. Kwetu mpaka wa kiwanja hauna ukuta. Kuna mmea wa majani marefu mekundu ambao unapandwa mpakani tu. Baba alipanda mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo, na wa kwanza aliupa jina lake mwenyewe, pale kisimani. Mama alitangulia, anagusa kila mmea kwa ubapa wa panga na kutaja jina, sisi nyuma tunaitikia. Halafu ndiyo tunafyeka, kila mtu anakwepa mmea wake.

Mimi ilikuwa inanikera. Nina haraka ya kuzaliwa nayo. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa nachezea simu, naitikia bila kusikia. Binamu yangu Asani ndiye aliyeshika majina yote, na alikuwa akiyaimba kwa sauti ya pua kama mwalimu anayeita rejista, watu wanacheka mpaka mama naye anacheka.

Asani sasa yuko Bafwasende kwenye dhahabu. Wengine wametawanyika. Mara ya mwisho mama alipoita watu tulikuja watatu, na pondu ikabaki.

Mwaka huu majani yalifika dirishani. Mama aliua nyoka jikoni kwa mwiko, akanisimulia kwenye simu huku anacheka. Mimi sikucheka. Nikasema imetosha, nanunua mashine.

Nilimpata mzee mmoja wa mjini, tunayemwita tonton (mjomba) Jeannot, anayeleta mashine kwa malori kutoka mashariki. Alikuwa na trekta ndogo nyekundu, mtumba lakini safi, ina fyekeo la kuzunguka nyuma. Akasema ataileta na dereva nijaribu siku nzima bure, nikiipenda ndiyo tuongee.

Nikampigia mama. Alikuwa amekwenda Opala kwa dada yake mgonjwa, na kurudi kwa boti ni siku kadhaa.

Akanijibu: "Unigojee kwanza, Mwamini. Tutembee mupaka, ndio mashini ipite."

Nikamwambia sawa, mama. Nikakata simu, nikampigia tonton Jeannot aje kesho yake.

Huo ni ujinga wa kwanza.

Kuna jambo lililokuwa linanikimbiza, nikiri. Jirani yetu mpya, Papa Dieudonné, aliyenunua kiwanja cha pembeni, alikuwa ameomba mpimaji wa serikali aje kumpimia apate hati. Siku ilishapangwa, Jumamosi. Huku kiwanja kikishakuwa pori, watu wanaanza kusema hakina mwenyewe. Nilitaka mpimaji akute kwetu kunang'aa.

Trekta ikaja. Wakuu, sitawadanganya, nilifurahi kama mtoto. Kazi ya watu ishirini ikaisha kabla ya saa saba mchana. Harufu ya majani mabichi kila mahali, nimesimama na chupa ya maji naelekeza kona kama mkandarasi.

Papa Dieudonné akatoka kuangalia. Mtu mpole, shati limepigwa pasi. Akanisifu sana. Halafu akamwambia dereva: "Pitisha tu mupaka huku kwangu, kuko majani pia. Usiache kona."

Nikamshukuru. Nikaona nimepata jirani mwema. Nikamwambia dereva apitishe, tena kwenye kona iliyo mbele kidogo ya kisima ageuze mara mbili pawe pazuri.

Ujinga wa pili, na ndio mkubwa.

Trekta ilipoondoka nikaenda kisimani kunawa. Nikainua macho. Kwetu na kwa Papa Dieudonné palikuwa uwanja mmoja, sawa kama mkeka. Hakuna jani moja jekundu lililosimama.

Nikakaa kwenye ukingo wa kisima nikajiambia labda hakuna atakayegundua.

Asubuhi iliyofuata nikakuta vijiti vimechomekwa kwenye mstari ulionyooka, vina vitambaa vyeupe. Vilikuwa ndani kwetu hatua kumi na mbili. Kisima cha baba kilikuwa upande wa pili wa vijiti.

Nikamfuata Papa Dieudonné. Alinisikiliza kwa adabu yote. Akasema mpaka ndio huo, anavyoujua yeye, na kama mimi najua mwingine nimuonyeshe. Sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Mama akarudi Alhamisi. Alishuka kwenye pikipiki na mzigo wake wa samaki wakavu, akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele.

Akauliza tu: "Miti ya mupaka iko wapi?"

Akaweka mzigo chini, akaenda, akapiga magoti kwenye majani yaliyosagwa na kuanza kupapasa udongo. Nilimwona mama yangu anatambaa kwenye kiwanja chake mwenyewe. Niliona aibu ambayo sitaki kuionja tena.

Jumamosi mpimaji akaja, pamoja na chef de quartier, ambaye ndiye kiongozi wa mtaa. Mama akatoa karatasi ya baba ya zamani. Imeandikwa kwamba upande huo kiwanja kinaishia kwenye mstari wa miti iliyopandwa. Mpimaji akasoma, akatazama uwanja, akatazama karatasi tena.

"Bon, mama," akasema, "mimi nitapima kile naona. Na hapa naona majani ya kukata tu."

Mama akamwambia arudi mvua zikishanyesha. Ule mmea, akasema, haufi kwa kukatwa kichwa. Chef akafikiri, akatupa wiki mbili. Asiyekuwa na ushahidi siku hiyo asimlaumu mtu.

Zile wiki mbili sikulala vizuri hata siku moja. Nilikuwa nafundisha asubuhi, mchana nakimbilia kwa mama kutazama udongo. Siku tano, hakuna kitu. Siku ya sita tukamkuta mfanyakazi wa Papa Dieudonné na jembe, ametumwa kulima pale pale apande mihogo. Akipindua ule udongo, mashina nayo yanakwenda.

Mama hakugombana naye. Alileta kiti kidogo cha jikoni, akakiweka mbele ya jembe, akakaa na sinia lake la pondu akaanza kuchambua majani. Yule kijana wa watu akasimama, akakuna kichwa, akaondoka. Tangu hapo mama alishinda pale kila siku, jua na manyunyu, na mimi nikitoka shule napokea zamu.

Hakuwa ananisemesha zaidi ya salamu. Hilo liliniuma kuliko kutukanwa.

Siku ya tisa ikanyesha mvua kubwa. Siku ya kumi na moja nikaona ncha nyekundu, ndogo kama kucha. Nilimwita mama kwa sauti mpaka majirani wakatoka.

Lakini mashina hayakuota yote. Siku ya hukumu tulikuwa na machipukizi kumi na tisa, na mapengo ya kutosha. Papa Dieudonné akasema, tena kwa upole ule ule, kwamba mmea wowote unaweza kuhamishwa, na sisi tumekaa pale siku zote hizo tukifanya tunalotaka. Ndugu zetu waliokuja kushuhudia akawakataa: wamekuja tangu jana, wamefundishwa.

Na wakuu, hapo alikuwa na hoja. Niliona chef anatikisa kichwa kukubali.

Chef akauliza: kuna mtu wa ukoo ambaye hajakanyaga hapa tangu majani yakatwe?

Mama akasema, Asani.

Tukapiga simu Bafwasende. Mara ya kwanza haikupita. Mara ya pili haikupita. Mara ya tatu ikaita, chef akachukua simu, akaweka sauti kubwa, akatukataza wote kufungua mdomo. Akamwambia Asani ataje miti ya mpaka kuanzia kisimani.

Asani akacheka. Alidhani ni utani wa nyumbani. Akaanza kwa ile sauti yake ya pua:

"Papa Amisi, kwa kisima. Hatua tatu, Zaina. Hatua tatu, Saidi. Tatu, Fatuma. Tatu, Ramazani. Tatu, Sefu. Hapo iko jiwe, unaruka hatua tano. Aziza."

Mpimaji alikuwa anatembea kwa kufuata sauti, anahesabu hatua. Chipukizi. Chipukizi. Pengo. Chipukizi. Penye jiwe hapakuwa na jiwe lolote la kuonekana. Chef akainama mwenyewe, akafukua majani yaliyooza kwa mkono, na jiwe likawa hapo, lina alama mpya ya chuma cha trekta.

Nilimtazama Papa Dieudonné. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Asani akaendelea mpaka wa thelathini na moja bila kusita. Machipukizi yote kumi na tisa yalikaa mahali alipoyataja, hata moja halikukataa. Mpimaji akang'oa vijiti vyenye vitambaa, kimoja kimoja, akamkabidhi mwenyewe. Kisima kikarudi kwetu.

Watu walipoondoka nilimwomba mama msamaha, kwa maneno, nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nitaje miti.

Nikaanza. Amisi, Zaina, Saidi, Fatuma, Ramazani, Sefu, jiwe, Aziza. Nikakwama. Nilikuwa nimesikia majina hayo mara mbili kila mwaka tangu utoto.

Mama akanishika mkono mpaka hatua tatu baada ya Aziza. Palikuwa ni pengo. Udongo umevurugwa na magurudumu, mahali pale pale nilipomwambia dereva ageuze mara mbili. Shina limeng'oka na kuoza.

"Ya nane iko ya kwako," akasema.

Akakata kijiti kutoka kwa Aziza, akanipa, akasubiri nichimbe kwa mikono.

Trekta sikuinunua. Tonton Jeannot alinuna kidogo, tukaelewana: nikihitaji naikodi, inafyeka katikati tu. Pembeni hatua tano haikanyagi, huko ni mapanga na pondu kama zamani. Juzi tulikuwa watu kumi na wawili, nami nilikuwa mbele pamoja na mama, simu nimeiacha ndani.

Siwaambii msinunue. Mashine ni nzuri, mgongo wangu unaitamani mpaka leo. Nasema kabla haijawashwa, tembea mpaka wako kwa miguu na mtu anayeujua, na ukisikia jirani anakuambia usiache kona, simamisha injini kwanza.

Nimejifunza pia kwamba ile kazi niliyoiona inapoteza muda ndiyo ilikuwa hati yetu. Kila tulipokwenda kufyeka, tulikuwa tunaisoma kwanza.

Mti wangu, yaani huo wa nane, una majani mawili sasa. Naukagua kila Jumamosi.

Wenye trekta za nyumbani, nyie mpaka wenu mnaulindaje? Na wale mliofuta mpaka kama mimi mkakosa wa kumpigia simu, mlifanyaje? Niambieni hapa chini, hata matusi nitayasoma, nimeyastahili.