Trela letu la chakula lilikuwa linauma, tukavaa sapatu. Karibu tumzike mke wa mwanangu

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa watoto.

Mimi ni jaja, yaani bibi, mjane wa polisi, naishi Nsambya. Shule niliishia P4, darasa la nne, Kiswahili nilikipata barracks. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mwanangu Okello alinunua trela kuukuu la kambi, yale wazungu wanalala ndani wakienda kuangalia wanyama. Tukaliweka Kabalagala, tunapika chipsi na rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Umeme tulivuta kwa waya kutoka duka la jirani.

Wajukuu zangu wanasoma kwa pesa za hilo trela. Najivuna, ndiyo. Mnataka nijifiche?

Shida ilikuwa breka ya umeme. Ukiwasha tu, inaruka, umeme unakatika. Okello akaita fundi. Akaingia chini ya trela, akatoka anacheka.

"Jaja, waya wa earth, huu wa kupeleka umeme ardhini, ndio ulikuwa unasumbua. Nimeukata."

Kweli breka ikatulia. Tukamshukuru na chai tukampa!

Baadaye bati la trela likaanza kuuma. Ukiligusa, vidole vinatetemeka. Wateja wanacheka, "Jaja, trela lako kali kuliko mbwa!" Okello akanunua sapatu za mpira kwa wote. Ukivaa, huumwi sana. Tukaona tumemaliza.

Ujinga huo ulikuwa wetu sote.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nimekaa nje kwenye benchi. Nakato, mke wa Okello, akashuka na sahani yangu. Ni Muganda, amelelewa vizuri. Hampi mama mkwe chakula amesimama. Akashika mlango wa bati ajishushe, akapiga magoti kwenye tope.

Sapatu zilikuwa miguuni. Magoti hayana sapatu.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linanitesa mpaka leo. Mdomo wazi, macho yananiangalia, mkono umekwama kwenye bati.

Okello akaruka kumshika. Nikamfokea, "Usimguse! Mtakufa wote!" Nikakimbia dukani na miguu yangu hii mibovu, nikang'oa plagi.

Akaanguka kama gunia. Alipopumua, ndipo na mimi nikapumua.

Alilazwa. Kiganja kiliungua mpaka nyama. Mungu alituachia uhai wake, basi.

Tukaleta fundi mwingine. Alipoona waya uliokatwa akasema, "Nyabo, mama yangu, breka ilikuwa inawaambia kuna kitu. Mliifunga mdomo."

Akaurudisha earth. Akachomoa jiko, breka ikaruka. Akachomoa friji, ikaruka. Kila kitu nje, bado inaruka! Akainua benchi la ndani, tulipokuwa tunaweka magunia ya unga. Chini kuna hita ya maji ya wale wazungu. Hatukujua ipo. Ilikuwa imeoza ndani, umeme unapita kwenye maji mpaka kwenye bati.

Akaitoa. Breka ikatulia, na bati likaacha kuuma. Akapigilia chuma cha earth ardhini, akaweka na breka ile inayokata umeme ukivuja.

Nakato amerudi kazini. Siku ya kwanza alitaka kupiga magoti. Nikamwambia, "Simama, mwanangu. Heshima yako nimeiona, imetosha." Akanipa chai amesimama, analia.

Wakuu, kitu cha umeme kikiuma, zima. Usivae viatu ukasema umetengeneza. Na fundi akikata earth, mfukuze.

Sasa semeni ukweli: nani hapa friji yake inauma na amenyamaza?