Bunduki Si Sweta ya Shule

Naikumbuka siku niliyomletea mdogo wangu Neema bunduki yake ya kwanza, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Umenipigia simu kutoka huko Eden Prairie, unataka kumnunulia binti yako bunduki ya kuwindia, na kumbe tayari umeshachagua moja kwenye mtandao, ndefu, ya mbao inayong'aa. Ngoja kwanza. Rudisha hiyo kadi mfukoni umsikilize mama yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimo huku ughaibuni, nahudumia wazee kwenye nursing home, nakaa Brooklyn Center kwenye apartment ya vyumba viwili. Mama yetu alikuwa amefariki Kenya, nikamleta Neema nimlee mimi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mtoto alifika hapa akanyamaza. Anakula, anaosha vyombo, anakwenda shule, lakini kuongea, hapana. Ukimuuliza habari za shule, "Fine." Ukimuuliza analilia nini, "Nothing." Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naogopa kurudi kutoka kazini.

Halafu akapata rafiki, msichana wa darasani kwao ambaye babu yake alikuwa na shamba kule kaskazini mwa Anoka. Familia nzima waliwinda kulungu kila Novemba, na wakamkaribisha Neema. Siku hiyo aliingia nyumbani anaongea hata kabla hajavua buti. "Dada, wamesema naweza kwenda! But lazima kwanza nifanye kozi ya usalama, halafu niwe na rifle!" Wee! Mimi na bunduki wapi na wapi? Kanisani walicheka, wakasema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini alikuwa anaongea, mwanangu. Angeniomba tembo ningemtafutia.

Akafanya kozi, akapita. Mimi nikaenda dukani peke yangu, maana nilitaka iwe surprise. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, akaniuliza mtoto ana urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa begani kwangu. Akanitolea bunduki ndogo, nyepesi, kitako kifupi cha plastiki nyeusi, bei nafuu. Akasema hiyo ni ya wanaoanza, haipigi teke sana ukifyatua. Nikaona ananidharau. Plastiki? Kwa mtoto wa mama yangu? Sisi tumelelewa tukijua rahisi ni ghali. Tena nilijua mtoto ananunuliwaje kitu. Wewe mwenyewe si ulivaa koti la baridi lililokufika magotini? Mimi sweta yangu ya darasa la tatu niliivaa mpaka la saba. Unanunua kubwa, mtoto anakulia humo humo. Basi nikachukua ya mtu mzima, ya mbao, nzito kama mchi. "Atakua," nikamwambia yule mama. Akaifunga, akanikabidhi.

Neema alipoiona alinikumbatia. Na mimi badala ya kukaa kimya nikamwimbia wimbo wote: shifti nilizoongeza, miguu ilivyovimba, yote ili yeye apate kitu kizuri. Sijui nani alinituma.

Yule babu wa Anoka akawapeleka uwanja wa shabaha Jumamosi mbili. Ya kwanza nikamuuliza Neema, "Ilikuwaje?" "Fine." Ya pili, "Fine." Kile kimya kikarudi na mizigo yake. Wiki iliyofuata akaniambia haendi tena kuwinda, hataki. Mwanangu, niliwaka! Nikamwambia hana shukrani, na nikaongeza neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha: "Mama angekuona angekuonea haya." Akaingia chumbani, na mlango hata hakuubamiza.

Kulikuwa na Mzee Wekesa, mzee wa kanisa letu, ambaye Kenya alikuwa askari wa wanyamapori. Nikamshtakia nikijua atakuja kumgombeza mtoto. Akaja Jumapili baada ya ibada, akanywa chai, akaomba aione hiyo bunduki. Akaikagua mara mbili kuhakikisha haina risasi, akamwambia Neema aishike kama anavyoishika uwanjani. Mtoto akanyoosha shingo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, mikono inatetemeka kwa uzito, na macho yote mawili yakafumba kwa woga, na bunduki yenyewe tupu!

"Sasa mwonyeshe dada yako bega," mzee akasema polepole.

Neema akavuta ukosi wa blauzi. Lilikuwa limevilia damu, zambarau mpaka karibu na shingo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa nimekaa juu nasifia jeneza.

"Binti yangu," Mzee Wekesa akaniambia, "sweta humsubiri mtoto akue. Bunduki haisubiri. Umemnunulia Neema wa miaka mitano ijayo, huyu aliye hapa ukamwacha mikono mitupu."

Nikamuuliza Neema kwa nini hakusema. Akanijibu kwa Kiswahili kitupu, "Ulisema miguu ilivimba kwa ajili yangu. Ningesemaje inaniumiza? Hata babu yule alitaka kuniazima ndogo. Nilikataa, nikamwambia dada yangu amechagua vizuri."

Nililia mbele ya mgeni, chai ikapoa. Nikamwomba msamaha kwa lile bega, na zaidi kwa lile neno la mama.

Jumamosi iliyofuata tukaenda dukani wawili. Yule mama muuzaji akaipokea ile kubwa, hakunicheka, akampima Neema kama fundi anavyompima mtu nguo: kitako begani, shavu lilale juu yake bila kunyoosha shingo, kidole kifikie kifyatulio bila kutafuta. Tukatoka na ile ile ya plastiki. Novemba ikaja, na kulungu hakupata hata mmoja. Nilipomfuata Anoka aliongea kuanzia mlangoni: barafu kwenye nyasi, kindi aliyempita miguuni, babu alivyokoroma kwenye kibanda cha kuvizia mpaka wanyama wakakimbia. Nikasikiliza huku naendesha mpaka nikapitiliza exit yetu, pale pa kuchepuka barabara kuu kwenda nyumbani. Nikapitiliza na ya pili.

Na huyo mama yako mdogo unamjua. Hakukua! Mpaka leo ananifika hapa hapa begani. Ile bunduki ingekuwa inamsubiri mpaka sasa.

Kwa hiyo, mwanangu, kuuliza si ujinga, na umefanya vizuri kuniuliza. Nenda na binti yako, usiende na kipimo cha mkono. Chukua nyepesi, fupi, isiyopiga teke, na ile ya bei nafuu usiionee aibu. Ukibakiza hela nunua sanduku la kufungia, na ufunguo ukae kwako. Akue kwanza, kubwa itakuja. Ukimpa, mpe unyamaze, usimwimbie miguu yako. Na akirudi akakuambia "Fine," usiridhike, kaa naye mpaka akuonyeshe bega.

Mungu amrudishe salama kutoka msituni kila Novemba, awe na kulungu au asiwe naye. Na wewe, mwanangu, Mungu akujalie kupitiliza exit.