Zuhura hakuwa kaimu wa mtu

Leo nimelitafuta jina lako kwenye simu mara tatu nikitaka kukupigia, Zuhura. Akili bado inakataa kwamba tulikuzika jana.

Mnaonisoma hapa na hamkumjua: Zuhura wa Malindi, Unguja, ametutoka Jumapili, ghafla, kwa presha. Tulifanya kazi pamoja council moja, yaani halmashauri, kaskazini mwa London, dawati la matengenezo ya nyumba, miaka kumi na saba.

Mimi huandika kila siku kwenye daftari, na tarehe juu. Nimeyafungua ya zamani. Siku yangu ya kwanza kazini inasema: "Dada wa Zanzibar amenionyesha chai iliko. Ananiita shoga, kama wanawake wa kwao wanavyoitana, jina langu hajaliuliza."

Mama mmoja wa Tottenham alipiga simu analia, dari linavuja juu ya kitanda cha mtoto. Meneja wa wakati ule akasema ajaze fomu. Wewe ukamwambia aweke ndoo, fundi anakuja. Na fundi akaenda!

Team leader wetu alipoondoka, ukapewa nafasi yake "kwa muda". Muda wenyewe ukawa miaka sita. Beji ikaandikwa Acting Team Leader, kaimu kiongozi wa timu, nami nikakupa jina la Bi Kaimu. Ulicheka. Leo halinichekeshi.

Nafasi ya kudumu ilitangazwa mara mbili. Mara zote uliomba, ukakosa. Sababu waliyokupa: huna uzoefu wa kutosha. Uzoefu wa kazi uliyokuwa unaifanya asubuhi ileile! Waliopata hawakudumu, wakihama, wewe unarudishwa kukaimu.

Kisha ikaja programu ya positive action. Sisi wa jamii zilizoachwa nyuma kwenye vyeo tupewe mafunzo, na tukiomba nafasi tufikishwe moja kwa moja kwenye intavyuu. Sharti lilikuwa moja: fomu yako ya HR, idara ya utumishi, ionyeshe asili yako.

Mimi nilijaza siku ileile. Wewe kila mwaka tiki yako ilikuwa kwenye kisanduku cha "Prefer not to say", sipendi kusema.

Tuligombana mkahawani kwetu, Edgware Road, mpaka chai ikapoa.

"Zuhura, ni kisanduku tu!"

"Kwako wewe wa Morogoro ni kisanduku. Babangu alikuwa karani wa serikali. Baada ya Mapinduzi ikaja karatasi, kila karani aandike asili yake. Akaandika Mngazija, mtu wa Komoro. Mwezi haukwisha, kazi hana."

"Kule walihesabu ili wapunguze. Huku wanahesabu ili waongeze."

"Kalamu ni ileile, shoga."

Nikakasirika. Daftari la siku hiyo linasema: "Z. mkaidi kama punda." Nisamehe.

Mimi nikapanda kupitia programu hiyo. Nikawa meneja wako, wewe uliyenifundisha kazi. Siku moja jikoni kazini mwenzetu mmoja mzungu akaniambia, "Hongera, uliweka tiki mahali pazuri." Nikanywea.

Wewe hata hukugeuka kutoka kwenye microwave. "Na nyinyi mliokuwa mkipanda miaka yote hiyo, tiki mliweka wapi?"

Akachukua kikombe chake, akatoka.

Mwezi uliopita HR walituita, wakatuonyesha ripoti: dawati letu halina tatizo la watu wa asili yetu kunyimwa vyeo. Nikauliza, na Zuhura je? Wakasema hayumo kwenye hesabu, hakutaja asili.

Hapo ndipo ninapoungua. Miaka sita unabeba dawati zima, na kwenye karatasi yao hukuwepo. Ukimya wako waliugeuza ushahidi kwamba wao wako safi. Nami nilikaa kwenye kile kikao na beji yangu ya meneja, sikupiga mkono mezani.

Ulichukua mkoba wako ukatoka. Alhamisi iliyopita ukanipigia.

"Shoga, nimejaza."

"Umejaza nini?"

"Kisanduku. Nimeandika kama babangu alivyoandika, Mngazija. Safari hii nataka niwemo."

HR wakaniandikia email wakiuliza kama "Mngazija" ni makosa ya uchapaji. Nilipokusomea ulicheka mpaka ukapaliwa. Niliwajibu, wakakupa intavyuu ya nafasi ile ya kudumu: Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumanne saa nne tulikuwa makaburini.

Binti yako alinishika mkono. "Auntie, did she get the job?"

Aliuliza kwa Kiingereza kama uliipata kazi; Kiswahili anaelewa, kwa hiyo nilimjibu kwa lugha yako: "Alikuwa nayo siku zote, mwanangu." Lakini hilo si jibu la alichouliza, na sote wawili tulijua.

Leo asubuhi HR wamenitumia fomu ya kukuondoa kwenye mfumo, nitie sahihi kama meneja wako. Mstari wa cheo ulikuwa umeshajazwa: Acting Team Leader.

Nimefuta Acting.

Mimi, ambaye sijawahi kubadilisha hata nukta kwenye fomu ya ofisi. Wakiirudisha, nitafuta tena. Wakiirudisha mara ya pili, nitaipeleka kwa mkono, wanikatalie usoni. Kisanduku cha asili sikukigusa. Kinasema ulivyosema mwenyewe.

Zamu imekwisha, shoga yangu. Simu zote umezipokea.

Ulale salama, Team Leader.