Nyumba Tunayolala Haihesabiwi

Mamangu hajaenda Makka. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kumwonea huruma aufunge ukurasa huu akafanye mengine. Hajaenda, na ilikuwa mwaka ule mtaa mzima wa Barani ulipokuwa umekwisha kumuaga ndipo nilipojua hija ni faradhi ya nani.

Nilidhani najua. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwa kuimba, tumeketi mkekani magoti yakigusana: Mwislamu, mwenye akili, aliyebaleghe, muungwana asiye mtumwa, mwenye uwezo. Hilo la mwisho tulilipita mbio, kwa kuwa baada yake tuliruhusiwa kwenda nyumbani.

Tulikuwa watu watatu. Nyanya, mzaa mama, alilala chumba cha nyuma. Miguu ilikuwa imekwisha kumkataa, na ilibidi ageuzwe asubuhi, adhuhuri na jioni asije akapata vidonda. Mamangu alioka mikate ya sinia ya harusi na hitima. Nami nilikuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza kwenye meza ya jikoni, daftari limejaa unga wa mchele. Nyumba ni yake mamangu, aliachiwa na babake. Uani ndipo anapookea, makaa juu ya sinia na makaa chini, na harufu ya tui na iliki huwafikia watu barabarani kabla hawajauona mlango wetu.

Ami yangu, nduguye marehemu babangu, ana kiwanja nyuma ya chetu. Kiwanja hicho hakina njia. Ukitaka kukifikia, sharti upite uani kwetu.

Alikuja alasiri moja na sahani ya halwa.

"Shemeji, nimekuja na heri," alisema. "Kuna mtu aitaka nyumba hii. Uza, uende ukahiji mwaka huu huu. Mtasafiri kikundi cha wanawake, mnaaminiana. Ukirudi, wewe na mama mzee nitawapa chumba kwangu. Hutaki kuwa Hajjat?"

"Nani asiyetaka?" mamangu alijibu. "Niache nifikiri."

Alisema afikiri. Mimi sikufikiri. Mimi nilimwona tayari: mwembamba, ndani ya nguo nyeupe, katikati ya bahari ya watu, kiganja chake chenye alama za moto kimeinuliwa juu. Nilikuwa na umri ule ambao picha nzuri ilinitosha kuwa kweli. Nikachukua simu, nikawaandikia wanawake wa chuo kwenye kundi letu: "Mamangu ameitwa." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu kwa vile ilivyokuwa tamu.

Kwetu, mwenye safari ya hija huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Aliyemsengenya, aliyegombana naye kisimani, wote huwafikia, asiende na dhima ya mtu shingoni. Lakini watu walijua mamangu hamwachi nyanya peke yake. Basi kesho yake wakaja wao.

Walikuja na udi, na mafuta ya kukanda miguu, na dua zao karatasini, akawasomee Makka. Mmoja alileta karatasi imeandikwa pande mbili. "Usiipoteze," alisema. "Nyuma ni ya mkwe wangu, Mungu amfunge mdomo."

Mamangu alinitazama juu ya kichwa cha yule mama. Ni mtazamo ambao mpaka leo ukinijia nikiwa naandika, nafuta sentensi.

Hata jirani yetu wa upande wa kusini alikuja. Ni Mgiriama, mama wa kanisani, na mbuzi wake aliwahi kuula unga wa mchele wa harusi nzima. Tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Alisimama mlangoni na nazi mbili.

"Mimi si wa dini yenu," alisema, "ela nimesikia wenda kwa Mungu mwenyewe. Nimekuja nisamehewe kabla hujanishitaki."

"Mbuzi nimemsamehe," mamangu alimwambia. "Wewe nakufikiria."

Walicheka hadi nyanya akauliza kule ndani kuna nini. Ndipo mamangu, akimsindikiza jirani kwa kupitia uani, alipoviona vile vigingi: vitatu, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepigwa ardhini kwenye pembe za uani. Cha tatu kilikuwa hatua mbili kutoka jiko lake.

"Wapimaji walikuja asubuhi ulipokuwa sokoni," nilimwambia. "Walisema wametumwa na ami. Nilidhani mumekubaliana."

"Na wewe ulidhani," alisema.

Ami alikuja jioni hiyo kabla ya magharibi, kanzu imepigwa pasi, akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kufika.

"Mnunuzi ataka viwanja vyote viwili," alisema. "Changu peke yake hakitaki, hakina njia. Mungu amepanga, shemeji. Wewe upate hija, nami nipate riziki."

"Nani aliyekuambia nimekubali?"

"Shemeji, hija ni faradhi. Faradhi haina kukubali. Utakufa hujaitimiza, utamjibu nini Mola wako?"

Mamangu alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Faradhi ya nani?"

"Ya kila Mwislamu."

"Maliza."

Ami alijikohoza. "Mwenye akili, aliyebaleghe…"

"Usiende mbio. Maliza."

"Mwenye uwezo. Na uwezo unao! Nyumba hii si uwezo?"

"Nyumba ninayolala haihesabiwi," mamangu alisema. "Wala chombo cha kazi yangu. Wala chakula cha mzee niliye naye. Uwezo ni kile kinachobaki baada ya hivyo, pamoja na afya, na njia ya salama. Mimi na wewe tulisoma kwa mwalimu mmoja, shemeji, mkeka mmoja, wewe ukilala. Nikirudi nilale wapi? Ndani ya dumu la zamzam?"

"Chumba nimekupa."

"Chumba ambacho mkeo atanihesabia kila kikombe cha maji. Sheria hainilazimishi kupokea hisani ya namna hiyo."

Ami akatoa neno alilokuwa amelificha, akinitazama mimi badala ya mamangu.

"Mtaa mzima umekuja kukuaga. Binti yako ametangaza. Sasa utawaambia nini watu? Kuwa umemkatalia Mungu?"

Nilitamani ardhi inimeze na simu yangu. Aliujua unyonge wetu. Hapa kwetu mtu anaweza kuvumilia njaa kwa miaka. Fedheha ya siku moja ndiyo humfanya atie sahihi.

Mamangu alisimama, akakung'uta kanga. "Nitawaambia," alisema.

Kesho yake, baada ya kumgeuza nyanya adhuhuri, alivaa buibui lake la sikukuu, akazikunja zile karatasi za dua na kuzitia kwenye mkoba, akaniamrisha nimfuate. Alianza na jirani wa nazi.

"Nimekuja kuomba radhi. Siendi."

"Huendi?" Jirani alifikiri kidogo. "Na ule msamaha wa mbuzi?"

"Uko palepale. Sikukupa kwa ajili ya safari."

"Basi nendeni, mimi nitakaa na mama mzee," alisema, akachukua kiti chake mwenyewe akaenda nacho kwetu.

Tulizunguka nyumba zote. Kila mlangoni alisimama wima, akarudisha karatasi mkononi mwa mwenyewe, akasema maneno yaleyale: "Nawaomba radhi. Siendi. Haijanilazimu bado." Wengine walimwambia maskini. Aliwajibu kwamba maskini wa Mungu hana deni la safari. Yule wa mkwe aliishika karatasi yake, akauliza polepole, "Kumbe nyumba haihesabiwi?" Mamangu alisema haihesabiwi. Yule mama akakaa chini kizingitini, na niliona kwamba ameuliza kwa ajili yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nyuma yake kila mlango, na kila mlango alinisukuma mbele kidogo. "Huyu ndiye aliyeandika," alisema. Nami nilisema, "Ni mimi. Nilitangaza kisichokuwa." Sijapata kusoma kazi yangu mbele ya hadhira ngumu kuliko ile.

Mlango wa ami aliubakiza wa mwisho. Kabla ya kwenda huko alirudi nyumbani kwanza, akavisukasuka vigingi, akaving'oa kimoja kimoja, akavipasua kwa shoka. Mbao ilikuwa kavu, ikashika moto vizuri. Makaa yake aliyagawa, nusu juu ya sinia na nusu chini.

Ami alifungua mlango mwenyewe. Mamangu alimpa mkate umefunikwa kwa kitambaa, bado wa moto.

"Shemeji, niwie radhi. Vigingi vyako nimeving'oa."

"Viko wapi?"

"Vimeuoka huo ulioshika."

Ami hakusema amemsamehe. Lakini hakuurudisha ule mkate, na kitambaa kililetwa siku ya pili kimefuliwa.

Njiani tukirudi nilimwuliza mamangu kama anaitaka hija kweli. Alisimama katikati ya njia.

"Naitaka kila ninaposikia adhana," alisema. "Siku nitakayoweza nitakwenda, na nitakwenda kwa miguu yangu, si kwa kumwondoa mamangu kitandani."

Wakati wa hija ulipofika, alifunga siku ya Arafa, akaoka mikate ya Idi. Jirani alipomtania, "Hajjat wa Barani!" alimkatiza palepale: asiitwe kwa jambo asilolifanya. Kisha aliniita niache kuandika, kwa kuwa saa ya kumgeuza nyanya ilikuwa imefika. Mimi nilishika mabega, yeye akashika miguu.