Siku Tatu za Angalizo

Kazi yangu ni kukodisha maturubai na viti. Harusi, hitima, misiba, vikao vya wazazi shuleni, popote watu wanapokaa nje na kuogopa jua au mvua, kuanzia Bagamoyo mjini hadi Mapinga, mimi huitwa. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa kwangu haukuwa kitu cha kusikiliza huku nachambua mchele. Taarifa ya habari yenyewe sikuijali, wakubwa waseme wapendavyo. Lakini ikifika zamu ya yule dada anayesimama mbele ya ramani, nyumba nzima ilijua kunyamaza.

Nilijisifu kwamba naijua lugha yao kuliko wao wenyewe. Nilijua tofauti ya manyunyu na mvua nyepesi, ya angalizo na tahadhari. Nilijua upepo wa kilomita ngapi unang'oa kigingi na upi unatikisa tu pindo la turubai. Wateja wakazoea kunipigia simu kabla hawajapanga siku ya shughuli: "Mama, Jumamosi kutakuwaje?" Nami nikawajibu kwa sauti ya mtu aliyezungumza na mawingu asubuhi hiyo. Ukiaminiwa sana hivyo, unafika mahali unajiamini kuliko wanavyokuamini wao, na mimi nilifika.

Kipindi kibaya kuliko vyote ni mwisho wa Machi na kuingia Aprili. Januari na Februari upepo unatoka upande mmoja, unajua kamba gani ya kukaza. Halafu yanaingia malelezi: upepo wa kaskazi umechoka, wa kusi haujashika. Asubuhi unavuma huku, mchana kule, jioni hakuna hata wa kutikisa jani. Mvua za masika ziko njiani, lakini hazisemi zitaingilia wapi. Siku hizo nilikuwa natazama simu kila saa.

Mama yangu alikuwa amerudi kwao Mkwaja, upande wa kwenda Pangani, akikaa na mdogo wangu wa kike. Baba alipofariki alisema hana la kumweka Bagamoyo tena, anataka kusikia watu wa kwao wakimwita kwa jina lake la utotoni. Nilikasirika, nikamsafirisha huku nimenuna. Siku ile nikiwa nashusha masanduku yake alinishika mkono akaniambia, "Usininunie. Wewe ndiye mkubwa wangu, wewe ndiye utakayeniosha." Kwetu binti mkubwa akiwepo, maiti ya mama yake haioshwi mwingine akiwa mbele. Nikamwambia nitamwosha, aache maneno ya kutisha watu. Akacheka, akauliza kama nimesahau kupakia kinu chake cha kutwangia.

Jumapili moja ya malelezi mdogo wangu akapiga simu. Mama amekataa chakula siku ya pili, maji anakunywa kwa kijiko, na tangu alfajiri anauliza mimi niko wapi. "Dada, njoo," akasema. Hakulia, na mdogo wangu ni mtu wa kulia hata paka akipotea. Ilinipasa nishtuke hapo hapo.

Mimi nikafungua simu kutazama utabiri. Angalizo la mvua kubwa kwa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, baadhi ya maeneo ya mikoa ya Pwani, Dar es Salaam na Tanga, pamoja na Unguja na Pemba. Upepo wa pwani kugeuka na kuvuma kutoka kusini. Uwezekano wa kutokea, wastani. Nikaliruka hilo neno la mwisho kama mtu anavyoruka jina la mgonjwa asiyemjua. Nilikuwa na sababu: ile njia ya Makurunge na Saadani ilikuwa udongo mtupu, na masika ya mwaka uliotangulia kirikuu changu, kigari cha kubebea viti, kilizama topeni hadi trekta likaja kukivuta. Ningeweza kuliacha gari na kuzunguka kwa njia ya Msata na Segera, sehemu kubwa lami, siku nzima ya kubadilisha mabasi. Hilo nililifikiria kwa muda wa kunywa chai, nikaliacha.

"Nitakuja Alhamisi, angalizo likishapita," nikamwambia mdogo wangu. "Nikija sasa nitakwama njiani, hamtanipata mimi wala gari."

"Haya dada, wewe ndiye unayejua mambo ya mvua."

Akamwekea mama simu sikioni. Nikasikia pumzi zake, ndefu, kisha akaniita kwa lile jina ambalo yeye peke yake aliniita. Nikamwambia Alhamisi, Inshallah. Sijui kama alisikia siku niliyoitaja.

Jumatatu kulipambazuka kweupe. Nikasema mvua itaingia mchana. Mchana ukawa wa jua la utosi, na jioni upepo ukalala kabisa. Jumanne vilevile, jua kali kuliko la jana, nikapata hata nafasi ya kuanika maturubai yaliyokuwa na ukungu. Wakati nikiyapindua akaja mteja wangu, mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye nilimlazimisha ahamishie ndani posa ya binti yake kwa sababu ya lile angalizo. Watu arobaini walibanana sebuleni siku iliyotangulia, wakijipepea kwa kanga na kofia. Akasimama mkono kiunoni, akaangalia juu, akaangalia maturubai yangu yalivyotandazwa juani.

"Mtabiri wetu," akasema, "ubani umeuchomea nyumba ya nani? Maana kwangu wageni wamelowa, lakini kwa jasho."

Majirani wakacheka. Mimi nikacheka pia, ila moyoni niliumia kama mtu aliyezabwa kofi. Na sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Yule mama alipoondoka nilikaa juu ya ndoo, nikaanza kuiombea mvua inyeshe. Niliiombea kwa dhati. Nilitaka iangushe mabati ya watu, ijaze mitaro, wote waone kwamba nilisema kweli. Mama yangu alikuwa kitandani Mkwaja anakunywa maji kwa kijiko, njia ilikuwa kavu, gari lilikuwa na mafuta, na mimi nilikuwa naomba njia ifunge. Kuwasha gari siku ile kungekuwa kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba hakuna mvua. Sikuwasha.

Jumatano, baada ya chai ya asubuhi, simu ikalia. Safari hii mdogo wangu alilia. Aliposhindwa kusema, mjomba akaichukua simu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo kwa upande wa mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ametutangulia. Tunazika leo. Tutakungoja hadi Alasiri."

Nilikuwa bado nimeshika funguo mkononi wakati matone ya kwanza yalipoanguka juu ya bati. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulikuja kutoka kusini, wa baridi, umenyooka, hauna ule wasiwasi wa siku zilizopita, na nyuma yake mbingu ilikuwa nyeusi mpaka chini. Katika maisha yangu yote ya kutazama mawingu sijawahi kuchukia jambo kama nilivyochukia kuwa sahihi asubuhi ile.

Niliendesha mwenyewe. Hadi Makurunge nilikwenda vizuri, nikaanza kujidanganya kwamba nitawahi. Mbele ya Saadani njia ilikuwa imekuwa uji mweusi. Nilipita madimbwi mawili, la tatu likanikamata. Magurudumu yalizunguka, gari likakaa kwa tumbo. Nikashuka, nikavunja matawi nikayatia chini ya matairi, nikasukuma peke yangu kwa ujinga wa huzuni, na kila nikisukuma miguu yangu ndiyo iliyozama. Adhuhuri ikapita. Wakaja watu wawili na pikipiki, wakajaribu, wakashindwa. Walijitolea kunibeba, lakini wenyewe walikuwa wakielekea nilikotoka.

Nikapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia mjomba. Nilimsihi wangoje mpaka kesho asubuhi. Nilimwambia kuhusu kuosha, kwamba mama mwenyewe alinikabidhi.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa na ukali hata kidogo, "tumekungoja wewe tangu Jumapili. Yeye hatumngojeshi. Mdogo wako ameshaanza kumwosha, pamoja na mama zako wadogo. Muombee dua hapo ulipo."

Basi nikaomba pale juu ya kichuguu, kanga imenigandia mwilini, tope magotini. Nilisahau maneno katikati, maneno ninayoyajua tangu chuo cha Kurani, nikaanza upya mara tatu. Lori la wajenzi wa barabara lilikuja kunivuta jua likiwa linaelekea kuzama, ingawa jua lenyewe halikuonekana.

Nilipofika Mkwaja wanaume walikuwa wamesharudi makaburini na kutawanyika. Ndani walibaki wanawake wachache, kukiwa na harufu ya udi na karafuu maiti, na kitanda cha mama kimeinuliwa kimesimamishwa ukutani. Mdogo wangu alinipokea, akanivua kanga iliyolowa, akanipa ya kwake. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu, maana nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maneno ya kujitetea: angalizo, tope, trekta la mwaka ule.

Tuliketi mkekani. Nikamuuliza mama alikuwaje siku zile mbili. Akaniambia Jumanne alipata nguvu kidogo, akataka atolewe barazani. Wakamtoa, wakamwegemeza kwa mito. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanajichimbia vumbini. Akauliza dada yako mbona haji.

"Nikamwambia unangoja mvua ipite," mdogo wangu akasema. "Akaangalia juu, akaangalia ule uwanja. Akaniuliza, 'Mvua gani?'"

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimdanganya, dada, Mungu anisamehe. Nilimwambia huku kwetu hakuna, lakini Bagamoyo inanyesha, tangu juzi haijakatika."

"Naye?"

Mdogo wangu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Akasema, 'Basi mwambie asitoke. Atalowa, mwanangu.'"