Siku Koko Alipoiinamia Kamera ya Macho Mawili

Sisi tuliokua Kadutu, hapa Bukavu, wakati foto ilikuwa jambo la kuogea na kujipaka mafuta mpaka magotini, tunajuana. Watoto wa leo wanapiga foto hata sahani ya sombe! Sisi sombe tulikula tu, ikaisha.

Tonton Safari, mudogo wa Papa, alikuwa na kamera ya macho mawili, moja juu ya lingine. La juu la kutazamia, la chini la kukamata. Ilikaa kwenye tumbo, naye akainamisha kichwa kuchungulia kioo kilicho juu yake. Mujukuu wangu Désiré iko na kamera ya dijitali, lenzi ndefu kama muchi wa kutwangia, lakini anasema ile ya zamani ndiyo anaiota. Nisipotee njia. Masomo niliachia darasa la nne, maneno yangu hayakai kwenye mustari.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza, pelikule, ile filamu ya ndani ya kamera, ilikuwa ya foto kumi na mbili. Kumi na moja zikaishia kwetu watoto, viatu vyeupe vikitubana. Papa akasema: “Inayobaki ni ya Mama.” Koko, mama yao Papa na Tonton, alikuwa ametoka kijijini Walungu. Maisha yake yote hakupigwa foto, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Papa alijua pengine hatakuja tena.

Koko akakaa kitini. Tonton akainama kuchungulia. Koko naye akainama. Kwao mutu akikuinamia, unamuinamia. Kumuacha hivyo ni matusi. Tonton akainuka, Koko akainuka. Akainama tena, Koko naye chini. Sisi tunakufa kwa kucheka.

“Mama, tulia!”

“Tulia wewe! Unanisalimia mara ngapi? Si tulisalimiana asubuhi?”

“Sikusalimii, nakutazama!”

“Mutoto niliyemuzaa ananitazama kwa tumbo?”

Papa jasho linamutoka. “Safari, ukikamata kitambaa cha kichwa tu, usirudi hapa. Iko moja tu!”

Tonton akafikiri. Akaivua kamera shingoni, akaigeuza chini juu, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, anachungulia kioo kwa chini, shingo imepinda kama ya kuku anayekunywa maji. Koko kumuona mwanae, muzee wa ndevu, amekaa vile, akatupa uso juu na kucheka kwa sauti. Kla!

Tulingoja wiki mbili. Foto ilipotoka, Papa akanuna. Alitaka mama mwenye heshima wa kutundika saloni, pale tunapopokea wageni. Huyu kinywa wazi, meno matatu yote nje. Akaiweka chini, akaiokota. Mwisho akasema polepole: “Ndiye yeye.” Akaitundika kando ya Bikira Maria. Koko hakuja Bukavu tena.

Sasa Désiré ananipiga foto mia kwa simu kabla chai haijapoa, halafu anafuta mikunjo yangu kwa kidole, nabaki laini kama yai. Namuuliza: huyu maman ni wa nani? Ni nzuri, sibishi. Ila juzi jirani alipoomba kuziona, akajibiwa angoje kuran, umeme, irudi, simu imezimika.

Ile moja ingali ukutani. Hata wajukuu wanaokaa kule Kamanyola, ambao hawakumukuta Koko, wakiingia saloni wanacheka naye kwanza, ndipo wananiona mimi.